Barua Halali Isitupwe Jaani

Mtu akinunua kitu kwa fedha yake ana haki ya kupewa stakabadhi. Mtu akiomba kazi ana haki ya kuambiwa kwamba maombi yake yamepokelewa. Mtu akisahau neno lake la siri ana haki ya kupewa njia ya kuufungua tena mlango wake. Haya ni mambo yasiyohitaji ubishi. Lakini siku hizi stakabadhi hiyo, jibu hilo na njia hiyo haviletwi tena na tarishi aliyepanda baiskeli. Huletwa na barua pepe ambayo tovuti yenyewe huiandika na kuituma, bila ya mkono wa mtu, mara tu mteja anapobonyeza kitufe. Na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu barua nyingi za namna hiyo hazisomwi kamwe. Si kwamba zimepotea njiani, wala si kwamba zimekosa anwani. Zinafika mpaka mlangoni kwa mteja, kisha mlinzi wa mlango anazitazama, anazishuku, na kuzitupa katika kapu la barua taka, pamoja na barua za matapeli na za wauza dawa za uongo.

Madhara yake si madogo. Tuchukue mfano wa chama cha ushirika kinachouza mbegu na mbolea kwa njia ya tovuti. Mwanachama analipa, fedha zinatoka katika simu yake, lakini stakabadhi haionekani. Anangoja saa moja, anangoja siku nzima, kisha anaanza kuamini kwamba ameibiwa. Kesho yake anafunga safari mpaka ofisini, na anayekutana na hasira yake si fundi aliyeijenga tovuti, wala si meneja aliyekubali ijengwe kwa haraka na kwa bei rahisi, bali ni karani wa mapokezi, ambaye hana kosa lo lote katika jambo hilo. Karani huyo amefundishwa jibu moja tu: "Tafadhali tazama katika barua taka." Jibu hilo huenda likamsaidia mteja wa leo, lakini halimsaidii mteja wa kesho, wala haliondoi aibu ya chombo halali kuwaambia watu wake wakaitafute haki yao jalalani.

Watu wengi hudhani kwamba jambo hili ni la bahati, au kwamba ni hila ya kampuni kubwa za barua pepe. Sivyo. Ziko sababu zinazojulikana, na iko dawa inayojulikana. Tena dawa hiyo si ya gharama kubwa, na sehemu yake iliyo kubwa imo mikononi mwa mtumaji mwenyewe. Yafaa basi kila anayeongoza ofisi, duka, chama au kiwanda chenye tovuti aifahamu, na kila mfanyakazi anayelaumiwa kwa barua zisizofika aweze kujua lawama hiyo inastahili kupelekwa kwa nani.

Kwa nini mlinzi akawekwa

Barua pepe ilizaliwa katika jamii ndogo ya watu waliojuana. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine katika mtandao wa ARPANET, akaichagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mwaka 1982 Jon Postel alitoa maandishi ya kanuni ziitwazo SMTP, na kanuni hizo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ndizo msingi wa uchukuzi wa barua pepe mpaka leo. Zilikuwa kanuni fupi na nyepesi kufuatwa, lakini ziliacha pengo moja kubwa: hazikumtaka mtumaji athibitishe kwamba yeye ndiye. Kama vile mtu ye yote anavyoweza kuandika jina lo lote nyuma ya bahasha, ndivyo kompyuta yo yote ilivyoweza kuandika jina la benki, la wizara au la jirani katika nafasi ya mtumaji, na barua ikachukuliwa bila ya kuulizwa.

Wajanja walikuwa wamekwisha kuamka zamani. Tarehe 3 Mei 1978, hata kabla ya kanuni hizo kuandikwa, Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo la kompyuta za kampuni yake bila ya kuombwa na mtu. Wengi walikasirika, na tangazo hilo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza. Baadaye barua za namna hiyo zikapewa jina la spam, ambalo kwa asili ni jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Na jina likashika kwa sababu ya mchezo wa kuchekesha wa kikundi cha Monty Python wa mwaka 1970, ambamo neno hilo lilirudiwa na kurudiwa mpaka mazungumzo mengine yote yakamezwa. Hiyo hasa ndiyo tabia ya barua taka: humeza maneno ya maana.

Watu wa intaneti hawakukaa kimya. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake walianza kuchapisha orodha ya seva zinazotumiwa na watuma taka, ili wenye seva nyingine waweze kuzikataa. Mwaka 1998 Steve Linford alianzisha Spamhaus, shirika ambalo orodha zake hutumiwa duniani kote. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza jinsi kompyuta inavyoweza kuyapima maneno ya barua kwa hesabu ya uwezekano, na kujifunza yenyewe kutofautisha barua njema na mbaya. Tangu hapo mlinzi wa mlango amezidi kuerevuka. Leo hatosheki kuuliza, "Barua hii inasema nini?" Anauliza pia: Nani ameileta? Ana hati gani? Jana alileta nini, na watu waliopokea walifanya nini nayo?

Hati tatu za utambulisho

Kila mtu aliyepata kwenda ofisini kutafuta huduma anajua thamani ya barua ya utambulisho. Mtu anaweza kuwa mkweli kupita wote, lakini akifika bila ya barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa wake atarudishwa. Karani hamchukii, hana tu njia ya kumtambua. Barua za tovuti nazo ziko hivyo hivyo. Zinatakiwa ziwe na hati tatu, nazo zote huwekwa katika daftari la majina ya intaneti liitwalo DNS, ambalo lilibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na ambalo ye yote duniani anaweza kulisoma.

Hati ya kwanza huitwa SPF. Hiyo ni orodha ya matarishi. Mwenye jina la intaneti, ambalo mafundi huliita kikoa, anatangaza hadharani: barua zenye jina langu huletwa na seva hizi na hizi tu. Mlinzi akiletewa barua na seva isiyomo katika orodha, ana haki ya kuishuku. Hapa yako makosa mawili yanayotendwa kila siku. La kwanza ni kuacha kuiandika kabisa ile huduma inayotuma barua za tovuti, huku ikiandikwa huduma ya barua za ofisi peke yake. La pili ni kuandika orodha mbili kwa kikoa kimoja, pengine kwa kuwa fundi wa pili hakujua kwamba wa kwanza alikwisha kuandika. Kanuni zinasema orodha ni moja tu. Zikiwa mbili, zote hazifai kitu. Kadhalika orodha isirefushwe ovyo, maana msomaji wake amewekewa mpaka wa kuulizia majina mengine mara 10, na akiupita mpaka huo anaihesabu hati kuwa mbovu.

Hati ya pili huitwa DKIM. Hiyo ni lakiri juu ya bahasha. Seva inayotuma huitia kila barua saini kwa ufunguo wa siri ilio nao yenyewe, na ufunguo wa pili, ulio wa wazi, huwekwa katika daftari la majina ili kila apokeaye aweze kuikagua saini hiyo. Lakiri ikiwa nzima, mpokeaji anajua mambo mawili: kwamba barua imetoka kwa mwenye kikoa, na kwamba sehemu zilizotiwa saini hazikubadilishwa njiani. Mpango huu ulitokana na kazi za kampuni mbili, Yahoo na Cisco, zilizounganishwa kuwa kanuni moja mwaka 2007. Ufunguo wenye urefu wa biti 2048 ndio unaoshauriwa sasa. Ule wa biti 1024 ni wa zamani, na mfupi kuliko huo haukubaliki tena.

Hati ya tatu huitwa DMARC, nayo ilitangazwa mwaka 2012 na umoja wa kampuni kubwa. Hiyo ni agizo la mwenye jina. Kwanza inataka jina analoliona msomaji katika nafasi ya mtumaji lilingane na jina lililothibitishwa na SPF au DKIM. Haitoshi tarishi kuwa na kitambulisho chake mwenyewe kama bahasha ina jina la mtu mwingine. Pili inamwambia mlinzi la kufanya barua isipolingana: aipitishe, aitie katika kapu la taka, au aikatae kabisa. Tatu inamwomba mlinzi arudishe taarifa, ili mwenye jina ajue ni nani wanaotuma barua kwa jina lake. Taarifa hizo ni hazina. Mara nyingi mwenye ofisi huzisoma akagundua kwamba kuna mtambo wa hesabu, au programu ya mishahara, iliyokuwa ikituma barua bila ya hati kwa muda mrefu pasipo mtu kujua.

Mwenye busara haanzi na agizo kali. Huanza na lile la kupitisha na kuleta taarifa, akazisoma, akatengeneza palipo na kasoro, ndipo anapokaza uzi. Anayeanza kwa kukataa barua zote kabla ya kuzitambua zilizo zake, huzikataa na za kwake.

Makosa ya tovuti zenyewe

Tovuti nyingi za vyama, maduka na shule huwekwa katika seva ya kukodi, ambamo tovuti nyingine nyingi zimepangwa pamoja, na zote hutuma barua kwa anwani moja ya namba. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tovuti moja ikivunjwa na wezi na kugeuzwa kiwanda cha barua taka, anwani ile inaingizwa katika orodha za waovu, na barua za majirani wasio na hatia zinakataliwa pamoja nayo. Tena programu nyingi za tovuti, zikiachwa kama zilivyotoka dukani, huitupa barua kwa seva hiyo bila ya kuitia saini yo yote. Ndiyo maana mafundi wanaoijua kazi yao huiunganisha tovuti na huduma maalumu ya kutuma barua, inayotaka jina na neno la siri kabla ya kupokea kitu, na inayotia saini kwa kikoa cha mteja mwenyewe.

Kosa la pili ni la fomu ya mawasiliano. Mteja anaandika jina, anwani yake na swali lake, naye fundi, kwa kutaka kurahisisha, anaiagiza tovuti ipeleke swali hilo ofisini likiwa limeandikwa kana kwamba limetumwa na mteja mwenyewe. Nia ni njema, yaani mtu wa ofisini akibonyeza jibu, jibu liende kwa mteja. Lakini mbele ya mlinzi jambo hilo ni ughushi mtupu, maana seva ya ofisi haina idhini ya kutumia jina la mteja.

Ulimwengu ulifundishwa somo hili mwezi Aprili 1996 na kuendelea? La hasha, somo lenyewe lilikuja waziwazi mwezi Aprili 2014. Wakati huo wezi walikuwa wakituma barua nyingi za kughushi kwa majina ya watu wenye anwani za Yahoo, na kampuni hiyo ikaweka agizo la DMARC la kukataa kila barua yenye jina lake isiyotoka kwake. AOL nayo ikafanya hivyo mwezi huo huo. Wezi walizuiwa, lakini pamoja nao zilizuiwa barua za majadiliano ya vikundi na fomu nyingi za tovuti zilizokuwa zikijifanya kutumwa na wateja wa Yahoo. Maswali ya wateja yalikataliwa mlangoni, na ofisi zilizoyangoja hazikujua kwamba yalipata kuulizwa. Dawa yake ni nyepesi mno: barua itoke kwa jina la tovuti yenyewe, na anwani ya mteja iandikwe katika nafasi ya kujibiwa. Anayejibu ataona matokeo yale yale, na hakuna jina la mtu litakaloghushiwa.

Kosa la tatu linafanana na hilo. Wako wenye biashara ambao wana kikoa chao wenyewe, lakini tovuti yao hutuma stakabadhi kwa anwani ya sanduku la bure la Gmail au Yahoo, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea. Jina hilo si lao. Ni la kampuni iliyowapa sanduku. Seva yao haiwezi kulithibitisha. Afadhali barua itoke kwa jina la kikoa chao, hata kama majibu yataendelea kusomwa katika sanduku lile la zamani.

Kosa la nne ni kuacha fomu wazi bila ya ulinzi. Wako wahuni wanaoandika programu za kuzungukia tovuti na kujaza fomu kwa anwani za watu walioibiwa. Tovuti, kwa utiifu wake, inampelekea kila mmoja barua ya kumkaribisha. Watu hao hawakuomba kitu. Wanaudhika na kuilaumu tovuti, na mlinzi anaandika lawama hiyo katika daftari lake. Kwa hiyo fomu haina budi kuwa na kipimo cha kutenganisha mtu na mashine, na mtu anayejiandikisha kupokea habari atumiwe kwanza barua moja ya kuthibitisha kwamba ndiye aliyeomba.

Kanuni za mwaka 2024

Zamani mambo haya yalikuwa ya hiari. Leo sivyo. Mwezi Oktoba 2023 kampuni za Google na Yahoo zilitangaza masharti mapya, ambayo yalianza kutumika mwezi Februari 2024, na Microsoft ikafuata kwa masharti yanayofanana kuanzia tarehe 5 Mei 2025. Kwa masharti ya Google, kila mtumaji, awe mkubwa au mdogo, anatakiwa kuwa na SPF au DKIM, na seva yake iwe na jina na namba zinazothibitishana. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku moja kwenda kwa wenye sanduku binafsi za Gmail anatakiwa kuwa na SPF na DKIM zote mbili, pamoja na DMARC. Barua zake za matangazo ziwe na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja tu, na aliyeomba kuondolewa aondolewe ndani ya siku 2.

Liko sharti jingine ambalo wakuu wa biashara hawana budi kulitia moyoni. Mpokeaji anapobonyeza kitufe cha kusema kwamba barua hii ni taka, sauti yake huhesabiwa kama kura. Google inamtaka mtumaji akae chini ya asilimia 0.1 ya lawama, na asifike kamwe asilimia 0.3. Tupige hesabu. Asilimia 0.3 ni watu 3 katika kila 1,000. Chama kinachowapelekea wateja 6,000 tangazo moja kinaweza kuharibikiwa na jina kwa kulaumiwa na watu 18 tu, hata kama wengine 5,982 hawakusema neno.

Hapo ndipo unapoonekana ubaya wa kuchanganya stakabadhi na matangazo. Meneja wa mauzo, akiona ana anwani za wateja wote, hutamani kuwapelekea habari za bei mpya kila asubuhi. Wateja wanachoka, wanabonyeza kitufe cha taka, na jina la kikoa linachafuka. Kisha mama aliyelipia mbegu zake jana anakosa stakabadhi kwa ajili ya tangazo ambalo yeye hakuliomba. Kwa hiyo yafaa matangazo yatumwe kwa jina la pembeni, lililo chini ya kikoa hicho hicho, na stakabadhi na maneno ya siri yapewe jina lao. Lakini hiyo ni kinga tu. Dawa yenyewe ni kutompelekea mtu asichokiomba. Na hilo si adabu peke yake: sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, kama ile ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, zimeweka msingi kwamba taarifa za mtu hukusanywa kwa kusudi lililo wazi, na hazigeuzwi kusudi kwa matakwa ya aliyezikusanya.

Jina jema hujengwa

Hati tatu tulizozitaja humwambia mlinzi kwamba wewe ndiwe wewe. Hazimwambii kwamba wewe ni mwema. Mwizi naye anaweza kununua kikoa na kukipa hati zote. Wema huonekana kwa mwendo. Kikoa kipya kinachoanza leo na kutuma barua 10,000 kwa usiku mmoja hutazamwa kama mgeni anayegonga kila nyumba ya kijiji saa sita za usiku. Haba na haba hujaza kibaba: aanze kwa barua chache, kwa wateja wanaomjua na watakaozifungua, kisha aongeze kidogo kidogo juma hata juma.

Kadhalika anwani zilizokufa zifutwe. Barua ikirudi na jibu kwamba sanduku halipo, isitumwe tena, maana kung'ang'ania anwani za wafu ni alama ya mtu aliyenunua orodha sokoni. Na barua yenyewe iandikwe kiungwana: kichwa cha habari kiseme kilichomo, isiwe picha tupu isiyo na maandishi, viungo vyake vielekee katika kikoa cha mtumaji, na jina la mtumaji liwe lile ambalo mteja analijua. Kabla ya yote hayo, barua za majaribio zitumwe kwenye sanduku za kampuni mbalimbali, zikafunguliwe na kukaguliwa maandishi ya uthibitisho yaliyomo ndani yake. Fundi anayesema kazi imekwisha bila ya kulifanya jaribio hilo, kazi yake haijakwisha.

Je, masharti haya ni ya haki?

Wako watakaouliza: Ni nani aliyezipa kampuni chache za ng'ambo madaraka ya kuamua ni barua gani isomwe na mteja wa Mwanza au wa Mombasa? Swali hilo si la kipuuzi. Ni kweli kwamba milango ya sanduku za watu wengi imo mikononi mwa kampuni chache, kwamba zinaweza kubadili masharti yao bila ya kumwomba mtu ruhusa, na kwamba mtumaji mdogo aliyekataliwa hupata shida kubwa kumpata mtu wa kumsikiliza. Mambo hayo yanastahili kusemwa, na taasisi zinazosimamia mawasiliano zinastahili kuyashughulikia.

Lakini tusifanye malalamiko hayo kuwa kichaka cha kuficha uvivu. Kanuni za SPF, DKIM na DMARC si mali ya kampuni yo yote. Ziliandikwa hadharani, ye yote anaweza kuzisoma na kuzitumia, na kuzitia katika daftari la majina hakulipiwi ada ya pekee. Zaidi ya hayo, zinamlinda mnyonge. Barua ya kughushi yenye jina la benki au la chama haimwibii tajiri mwenye wanasheria. Humwibia mtu aliyeweka akiba yake ndogo na kuamini jina aliloliona. Kila kikoa kinachoachwa bila ya hati ni nguo iliyoanikwa barabarani: mwizi anaweza kuivaa na kwenda kutapeli kwa jina la mwenyewe.

Wajibu wa kila mmoja

Meneja anapoagiza tovuti, asiulize bei na rangi tu. Aulize: Barua zitatumwa na seva gani, kwa jina lipi, na hati zake tatu ziko wapi? Aandike katika mkataba kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya barua za majaribio kuonekana katika sanduku la kawaida la mpokeaji. Tena ahakikishe kwamba funguo za kikoa zimo mikononi mwa chombo chenyewe. Chama ambacho kikoa chake kimeandikishwa kwa jina la fundi aliyekwisha kuondoka hakiwezi hata kujitengenezea hati.

Fundi naye asimame katika kazi yake kwa uaminifu, asiache mambo kama programu ilivyoyaleta. Aweke katika tovuti kumbukumbu ya kila barua iliyotumwa na jibu lililorudi, ili swali la "stakabadhi yangu iko wapi?" lijibiwe kwa ushahidi, si kwa kubahatisha.

Karani wa mapokezi asiwe mtu wa kubeba lawama peke yake. Apewe daftari la kuandika kila mteja ambaye barua yake haikuonekana, siku gani, na sanduku lake ni la kampuni gani. Majina matano ya namna moja katika juma moja yanaweza kumwonyesha fundi ugonjwa uliko kuliko mikutano kumi. Na mteja akiikuta barua halali ndani ya kapu la taka, aibonyeze kwamba si taka, maana kura yake inahesabiwa kwa wema kama inavyohesabiwa kwa ubaya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuandika hati tatu katika daftari la majina ni kazi ya siku moja au mbili kwa fundi anayejua; kuirudisha imani ya mteja aliyedhani ameibiwa ni kazi ya miaka. Chombo kilichopokea fedha ya mtu kina deni la kumpa jibu, na deni hilo halilipwi barua inapoondoka katika seva. Hulipwa pale mtu huyo anapoifungua na kuisoma.